Fotowoki Mombasa: jinsi ya kutoka na wenzako kupiga picha bila kufukuzwa mtaani

Mara ya kwanza nilipoita watu tutoke tukapige picha walikuja ishirini na tatu. Mimi nikaona hiyo ni baraka, nikajipiga kifua kabisa. Tukaingia kichochoro kimoja cha Kibokoni, wajua vile vichochoro vyenyewe, watu wawili wakikutana mmoja ageuke ubavu, sasa sisi ishirini na tatu na mabegi na kamera shingoni, wengine wana traipodi mabegani kama wamebeba makasia. Kulikuwa na mama anakaanga viazi karai barazani. Akatuangalia, akafunika karai kwa sinia, akaingia ndani, mlango pa! Hakututukana wala hakusema kitu, na hiyo ndo iliyoniuma zaidi. Jioni nikiangalia picha nikakuta kila picha ina mgongo wa mwenzetu ameinua kamera. Yaani tulipigana picha wenyewe kwa wenyewe.

Toka siku ile nimepanga nyingine nyingi, zingine zimekuwa tamu mpaka watu hawataki kwenda nyumbani, zingine zimeharibika kwa mambo madogo ya kijinga. Hapa naandika vile napanga sasa, hatua kwa hatua, kwa yeyote wa hapa Mombasa ambaye ana kamera au simu tu na ana wenzake wawili watatu wanaopenda picha.

Hatua ya kwanza: watu, na wasiwe wengi

Anza na wanne au watano unaowajua. Si kazini kwenu kuna mmoja anapiga picha za jua likizama kila siku anaweka status? Huyo tayari. Binamu yako alienunua kamera ya mtumba akaiweka kabatini, huyo pia. Mkizoeana ongezeni mpaka nane, kumi, na mimi nikifika kumi na mbili nafunga mlango. Zaidi ya hapo gawanyeni makundi mawili na kila kundi liwe na kiongozi wake na njia yake, lakini msitembee msafara mmoja, mtaonekana ni maandamano.

Usiwabague wa simu. Kuna watu wakishika kamera kubwa wanaanza kuongea lenzi na megapikseli mpaka mwenye simu anajikunyata nyuma, na mara nyingi ni huyo wa simu anaerudi na picha nzuri sababu alikuwa anaangalia badala ya kuchokora vitufe. Mimi nasema mapema kwenye grupu: hapa hatuulizani bei ya kamera.

Halafu wale dada zetu. Wengi wanataka kuja lakini nyumbani kuna baba na mama wanaouliza, na wana haki ya kuuliza. Sema wazi mnaanza saa ngapi, mnamaliza saa ngapi, mnapita wapi na nani anaongoza, na ukiweza uwe na mwanamke mwenzao anaesaidia kuongoza. Nilipoanza kuandika saa ya kumaliza kwenye ujumbe wa mwaliko, kina dada wakaongezeka. Saa ya kumaliza tu, hakuna kingine nilichobadilisha.

Hatua ya pili: chagua mahali pamoja, uende mwenyewe kwanza

Pamoja, si patatu. Kosa la kila mtu ni kutaka Ngomeni (Fort Jesus), Marikiti, Mapembeni (zile pembe za Moi Avenue) na Nyali kwa asubuhi moja, mnaishia kukaa ndani ya tuktuk mkiangalia saa. Ngome ilianza kujengwa 1593, haiendi popote, mtairudia.

Wewe unaepanga nenda wiki moja kabla, saa ileile mtakayokwenda, bila kamera. Tembea njia nzima. Angalia jua linapiga upande gani, choo kiko wapi, wapi mtu akichoka atakaa, wapi pana chai. Mji wa Kale asubuhi mapema vichochoro bado vina kivuli, unaona nyumba zote ni rangi moja ya majivu, lakini subiri ifike kama saa mbili asubuhi hivi jua linaanza kuingia kwa vipande, linashuka ukutani taratibu mpaka linagusa mlango wa nakshi na kila ua lililochongwa linapata kivuli chake. Hiyo inadumu kidogo tu kabla jua halijakuwa kali, na huwezi kuijua kama hujaenda kuiona. Njia yangu ya kawaida ni kuanzia Ngomeni, kushika Ndia Kuu, kupita karibu na msikiti wa Mandhry halafu kuteremkia upande wa Bandari ya Kale. Ni fupi mno kwa miguu lakini kwa wapiga picha ni saa mbili nzima. Penye geti na askari hapo bandarini usiinue kamera kabla hujauliza.

Jioni mimi napenda bustani ya Mama Ngina pale ufuoni. Mibuyu mikubwa ile, jua linashukia upande wa Likoni, na ukiwa na bahati meli kubwa ya makontena inapita kwenye mlango wa Kilindini karibu mpaka unahisi utaigusa, na mbele yake mtoto anakula mihogo ya kukaanga hana habari. Picha kama hiyo hupangi, unakaa unaingoja.

Sokoni, Marikiti au Kongowea, ni pazuri lakini si pa kuanzia. Watu wako kazini, mkokoteni unakuja nyuma unapiga kelele "mguu! mguu!" na wewe umeinama unatafuta fokasi. Nendeni watu wanne, nunueni kitu kwanza.

Sasa pasipofaa, na hapa sina mzaha. Kwenye feri ya Likoni kupiga picha ni marufuku, usijaribu hata kwa simu, usijaribu hata selfi. Vilevile bandari ya Kilindini, kambi ya jeshi la maji Mtongwe, na Ikulu ambayo iko si mbali na huko huko Mama Ngina, kwa hivo jueni mnaelekeza lenzi wapi. Mwambie kila mtu haya kabla, si mpaka askari amewashika. Na droni iache nyumbani kama huna karatasi zake, kanuni za 2020 zinataka isajiliwe na uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mtu mmoja akirusha droni bila kibali ni kundi zima linaloulizwa maswali.

Ndani ya Ngome kuna kiingilio na ni eneo la Makumbusho ya Taifa, kwa hivo mkitaka kuingia na traipodi au kuna mtu anataka kupiga picha za biashara, ulizieni siku kabla.

Hatua ya tatu: siku, saa na maji

Hii ndo hatua watu wa bara wakija wanatucheka nayo kisha inawapiga wao. Hapa hupangi kwa jua peke yake, unapanga kwa jua na maji.

Nilishawapeleka watu ufuoni Nyali nikiwa nimewaahidi ngalawa zinaelea na mawimbi mazuri. Tukafika, maji yametoka yote, ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga kama punda waliochoka, na bahari iko kule mbali unaiona kama mstari. Mmoja akaniuliza, bahari yenyewe mmeipeleka wapi?

Kanuni niliyoipata kwa wavuvi ni hii. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hapa Mombasa hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hivo ukitaka maji yamejaa wakati jua linazama, chagua siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Ukitaka kutembea mwambani upige picha vidimbwi na watu wanaookota pweza, chagua bamvua yenyewe, shuka saa tatu hivi maji yakiwa bado yanatoka, na uanze kurudi kabla hayajageuka vizuri, manake tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inapita mita 3 na yakianza kurudi hayakungoji ubadilishe lenzi. Viatu vya kufunga, si ndara, wale wadudu weusi wenye miba wako. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu, ni nzuri kwa mikoko ya Tudor na Mikindani. Halafu bado hakikisha kwenye jedwali la maji la mwaka huu au programu ya simu, hesabu yangu ni ya kukuelekeza tu.

Jua letu halina maneno mengi, linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu na kitu mwaka mzima, na jioni linazama vivyo hivyo. Likizama giza linaingia haraka, usitegemee ile nusu saa ya mwanga wanayoisifia wazungu kwenye video zao. Na toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa jua liko utosini, sura za watu zinakuwa na mashimo meusi machoni, hiyo saa kaeni kivulini mnywe madafu. Machi na Oktoba mwanzoni ndo usiseme, mchana kivuli chako unakikanyaga.

Mvua: masika, Machi mwisho mpaka Mei, usiweke tarehe bila tarehe ya akiba. Lakini usiogope mvua kabisa, barabara ya Mapembeni ikiwa na maji na taa za tuktuk zinang'aa chini ni picha tamu.

Ijumaa mchana usipange Mji wa Kale, watu wanaenda msikitini na wewe na kundi lako mtasimama njiani mwao. Ramadhani mchana mimi sipangi chochote ila baada ya futari, kuna taa, kuna watoto nje, kuna kaimati, watu wana furaha.

Na saa andika kwa maneno. Niliwahi kuandika "tukutane Ngomeni 12" nikimaanisha saa kumi na mbili asubuhi kama tunavyohesabu Waswahili. Mmoja akaja saa sita mchana akanipigia simu amekasirika ati mbona haoni mtu.

Hatua ya nne: wenyeji kwanza

Hapa ndo nakaa sana, na kama utaruka hatua zote hii usiiruke.

Mtaa una wenyewe. Mji wa Kale watu wamechoka na kamera, kila siku anakuja mtu anampiga picha mama akiwa na buibui mlangoni kwake halafu huyo mama hajui picha imeenda wapi. Kwa hivo kabla ya siku yenyewe, ile siku unayoenda kukagua, keti. Kuna wazee wanacheza bao au dama, kuna muuza kahawa na dele lake, keti hapo, nunua kikombe, nunua na kashata. Usianze maneno ya picha. Wao watakuuliza tu.

Mimi ilikuwa hivi, mzee mmoja wa pale barazani:

"Assalaam aleikum, ami."

"Wa aleikum salaam. Karibu kahawa. We mtoto wa wapi?"

"Wa Tudor, ami. Nakuja kukuombeni kitu. Jumamosi nakuja na wenzangu tisa, twapenda kupiga picha milango na nyumba hizi za zamani."

"Nyinyi ni wa gazeti?"

"La, ami, ni kujifurahisha tu."

Akanyamaza, akanywa kahawa. "Milango pigeni. Wanawake na watoto msipige. Na nyumba ile ya kijani pale kuna mgonjwa, msipige kelele."

Sasa angalia hapo, kwa kikombe kimoja cha kahawa nimepata ruhusa, nimepata mipaka na nimepata habari ya mgonjwa ambayo sikuwa na njia yoyote ya kuijua. Na Jumamosi kijana mmoja alipotaka kutuletea fujo ni yule yule mzee alisema "waache, hawa ni wageni wangu."

Ufuoni kwa wavuvi ni hivyo hivyo, kwenye bandari ndogo za samaki kuna viongozi wao wa kamati ya ufuo, uliza nani mkubwa hapa, usimwendee mvuvi anaevuta nyavu. Mitaani kuna mwenyekiti wa nyumba kumi. Mkiwa wengi au mnakwenda mahali pageni mjulishe.

Ukitaka kumpiga mtu picha mwombe kwanza, ukimwambia kweli wengi hukubali. "Dada, nimependa hii leso yako, naweza kukupiga picha?" Akisema la, ni la, usitabasamu ukapiga kwa ujanja ukiwa umeshusha simu kiunoni. Akikubali mwonyeshe picha palepale. Akitaka pesa? Watu wanabishana sana hapa. Mimi silipi kwa picha lakini nanunua anachouza, na kama hauzi kitu na anataka pesa namshukuru naondoka bila ubaya.

Watoto ni mzazi kwanza, hakuna mjadala. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inachukulia picha ya sura ya mtu kama data yake, na mtoto hadi mzazi akubali. Mwaka 2023 shule moja hapa Kenya ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kupost picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Wewe si shule lakini funzo umelipata.

Hatua ya tano: ujumbe wa mwaliko

Usiandike insha na usiandike "tutajulishana". Mimi natuma hivi:

"Salaam wote. Fotowoki ni Jumamosi hii, Mji wa Kale. Tunakutana nje ya lango la Ngomeni saa kumi na mbili na nusu ASUBUHI, tunaondoka saa moja kamili, tukimaliza ni saa tatu na nusu na mahamri. Nafasi ni kumi, andika jina lako hapa chini. Vaa mavazi ya heshima, mabega na magoti yafunikwe. Wanawake na watoto hatupigi bila ruhusa. Njoo na maji, pesa ndogo ndogo na nauli. Ukighairi sema mapema mwenzako apate nafasi. Mvua ikinyesha ni Jumapili saa hiyo hiyo."

Basi. Tuma siku tano kabla, tuma tena usiku wa kuamkia na pini ya mahali. Ukiona watu kumi na tano wamejiandikisha jua watakuja saba, hiyo ndo desturi yetu, kwa hivo usimwambie muuza mahamri aandae za watu kumi na tano ukalipa wewe. Nimelipa mimi.

Na ukisema saa moja kamili ondoka saa moja kamili. Wa kuchelewa atakufuata kwa lokesheni. Mara mbili tu ukiwaacha, ya tatu wanakuja mapema.

Pesa ni fupi: usichangishe kama hakuna haja. Kila mtu ajilipie nauli na chai. Mkikodi mashua au matatu, changeni kwa M-Pesa kabla ya siku na mtu mmoja aweke hesabu kwenye grupu waziwazi, nani katoa, nani bado, kimetumika nini. Vikundi vingi nimeona vinavunjika kwa shilingi mia mbili.

Hatua ya sita: vifaa na joto letu

Hii nitasema kwa ajili ya Mombasa tu, mengine utayapata popote. Ukilala na AC na kamera iko chumbani, ukitoka nayo nje asubuhi lenzi inaingia ukungu hapo hapo, unafuta, inarudi, unafuta, inarudi. Tuliwahi kumngoja jamaa nusu saa nzima na mwanga unapotea. Dawa ni kuiweka kamera usiku kwenye chumba kisicho na AC, au iwe ndani ya begi limefungwa na ulitoe begi nje nusu saa kabla ya kulifungua, ipate joto polepole. Na usifute kwa shati.

Chumvi ya bahari inakula chuma. Ukitoka ufuoni pangusa kamera na kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, traipodi ioshe na maji matamu. Nyumbani weka kamera kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, tia ndani vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, la sivyo miezi michache lenzi inaota kuvu ndani kama utando wa buibui. Lenzi usibadilishe ufuoni upepo wa kusi ukivuma, mchanga unaingia. Betri mbili, memori kadi tupu, pawabenki kwa wa simu. Basi.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Mkikutana simameni duara dakika tano, kila mtu aseme jina, rudia sheria za mtaa, onyesha nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Wa nyuma ndo muhimu kuliko wa mbele, manake mpiga picha akiona paka juu ya dirisha anasahau duniani kuna watu wengine.

Toa kazi ya siku. Usiseme "pigeni mnachotaka", watu wanapotea. Sema leo ni mikono tu. Au leo ni rangi ya samawati. Au leo kila mtu ana picha kumi tu, akizimaliza amezimaliza. Hiyo ya kumi mara ya kwanza walininunia, mwisho wa matembezi mmoja alikuwa bado ana nne, ametembea Ndia Kuu yote anaangalia bila kupiga, na moja kati ya zile alizopiga, kivuli cha ngazi kwenye ukuta wa chokaa, mpaka leo naikumbuka.

Tembeeni wawili wawili, umbali wa sauti. Wawili hawatishi mtu, na pia mwenzako anakulinda ukiwa umefumba jicho moja. Kamera kamba shingoni au mkononi, ukisimama pembeni ya barabara kubwa simu isiwe upande wa bodaboda, inanyakuliwa na wewe bado umenyoosha mkono kama sanamu. Mtu akikuambia futa picha, futa mbele yake, omba radhi, endelea. Hakuna picha ya kugombania. Askari akiuliza aongee kiongozi peke yake, taratibu, wengine mshushe kamera, manake kumi mkijibu kwa pamoja hata jambo dogo linakuwa kesi.

Hatua ya nane: mahamri, kisha kazi inayobaki

Usiwaache watu watawanyike. Ketini mahali, mahamri na mbaazi, chai ya tangawizi, na kila mtu aonyeshe picha tatu tu. Sheria yangu mezani: mwenye picha ananyamaza kwanza, wengine wanasema wanaona nini, mmoja aseme kilichomvuta na mmoja aseme angebadilisha nini. Maneno ya "noma sana" hayaruhusiwi, hayamsaidii mtu. Hapa ndo watu wanajifunza, mimi nimejifunza zaidi kwenye hizi meza zenye makombo kuliko kwenye video zote nilizomalizia bando.

Usiku tumeni picha kwenye folda moja, kila mtu tano zake bora, na jina lake. Kabla ya kupost nje ya grupu angalia tena sura za watu: huyu alikubali? Mtoto huyu tulimwona mzazi? Kama huna uhakika usipost, kuna milango mingapi Mombasa.

Halafu chapisha. Picha za wale waliokubali kupigwa, zitoe studio kwa saizi ya kawaida, hazina gharama ya kukufilisi, na uwapelekee kabla hamjatoka tena. Yule mzee wa kahawa nilimpelekea yake, ameibandika ukutani juu ya dele, na kila nikipita ananiuliza wale wenzangu wako wapi.

Na yule mama wa viazi karai wa siku ya kwanza. Nilirudi peke yangu bila kamera, nikanunua viazi vya hamsini, nikala nimesimama, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata tena. Mara ya nne au ya tano akaniambia, "Leo ile bunduki yako umeiacha wapi?" Nikacheka, nikamwomba radhi ya siku ile, akasema nimpige lakini asionekane sura. Nikampiga mikono tu, unga wa manjano umemganda vidoleni, kiazi kimoja kinaingia mafutani. Nikachapisha, nikampelekea. Akaigeuza geuza, akainua uso.

"Sasa mwanangu, ndo mikono tu? Na mimi mwenyewe je? Jumamosi njoo na hao wenzako, lakini mje wachache, nitavaa leso mpya."

Kwa hivo Jumamosi tunaanzia kwake. Njooni na pesa ndogo ndogo, hana chenji asubuhi.